Nyota Tatu Pembezoni mwa Daftari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe mama, maana najua barua hii imo mikononi mwako na miwani imeshuka puani kama kawaida yako. Natumaini hamjambo, kwamba goti la baba limepoa tangu mvua zilipokatika, na kwamba kile kikohozi cha mama cha alfajiri kimekwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Mengine ndiyo yaliyonikalisha mezani tangu saa nne asubuhi, na sasa ni saa nane mchana, na karatasi nne nimeshazichana.

Mama, kabla sijaendelea nina ombi. Zamani nilipokuwa nikiandika nyumbani nilidhani baba anasoma mwenyewe, kisha anakupa wewe. Sasa najua ulikuwa unamsomea, na najua pia kwamba ulikuwa unaruka. Ile barua niliyoeleza kwamba nimefukuzwa duka la vitambaa kwa kujibizana na mwenye duka, majibu yaliyokuja yalikuwa ya baba kunipongeza kwa kutafuta kazi bora. Nilijikuna kichwa siku nyingi. Hii usiiruke, hata pale itakapokuchoma. Isome kama ilivyo, na baba akikwambia nyamaza, nyamaza kwanza, halafu uendelee.

Ningeweza kupiga simu. Nimeshindwa kwa sababu mbili. Kwanza, kaka ameniambia kwamba baba hataki kusikia simu ikilia ndani ya nyumba. Pili, kwa simu ningedanganya tena, maana hilo nimelizoea. Barua hii nampa jirani yangu dereva wa lori, ambaye ameapa itafika Alhamisi. Lazima ifike Alhamisi, kwa kuwa Jumamosi kuna mtu anakuja hapo kwenu. Ni yule fundi wetu wa sauti, yule mwembamba mwenye masikio yaliyosimama, aliyekaa kwenye ngazi yenu siku ile ya kurekodi na kunywa chai bila sukari. Anakuja kukuomba radhi, baba. Na kaka ameniambia umeapa kwamba mtu yule akikanyaga uani kwako utammwagia kopo zima la rangi ya mafuta kichwani, nyekundu, ile isiyotoka. Nakujua. Utammwagia. Ndiyo maana naandika.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa sijawahi kuwaeleza sawasawa. Uliponiuliza, baba, nilikujibu kwa mkato kwamba niko televisheni. Ukafurahi, ukautangazia mtaa mzima kwamba binti yako yuko televisheni, na watu wakawa wanakodoa macho kila taarifa ya habari wakitarajia kuniona nimejipaka poda. Sikuwa na moyo wa kukwambia kwamba nilikuwa nakunja waya.

Tangazo la kazi lilisema wanatafuta watu wenye ujuzi wa kuanzia. Nilidhani huo ujuzi ni kushika kamera. Kumbe ni kujua kubeba viguu vya kamera bila kugonga milango ya watu, kujua mwongozaji anakunywa kahawa ya namna gani, kutembea bila viatu kulia, kuwanyamazisha majirani bila kuwakasirisha, na kusimama saa tatu ukiwa umebanwa haja bila kuonyesha. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mkubwa kuliko wote walioanza nami, na wenzangu waliniita Mama Mkwe. Nilicheka nao. Kucheka nao kulikuwa sehemu ya ujuzi.

Aliyenifundisha ni huyo fundi sauti. Wote kazini humwita Masikio, na yeye huitika bila kinyongo. Wengine walikuwa wakinituma. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alinionyesha kwamba waya haukunjwi kwa kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu utajisokota kwa ndani na siku ya kazi utakuaibisha. Alinifundisha kubana maiki kwenye nguo ya mtu bila kumgusa mwili, na kumwuliza kwanza. Akanifundisha na jambo moja ambalo kwake lilikuwa kama sheria. Mtu akitoka mbele ya kamera huku maiki ingali kifuani, zima. Ukishindwa kuzima, vua hedifoni. Alisema tumeingia ndani ya nguo za mtu kwa ruhusa ya kazi, na kazi ikisimama ruhusa nayo imekwisha. Wengine walimcheka kwa hilo. Mwongozaji alisema Masikio alipaswa kuwa mhubiri.

Kazi yangu nyingine ilikuwa daftari la picha. Mkirekodi saa tano, mhariri hawezi kukaa saa tano zote akitazama, kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kuandika dakika gani kimesemwa nini. Pembezoni unaweka nyota. Nyota moja maana yake panafaa. Mbili maana yake pazuri. Tatu maana yake kipindi kisitoke bila hapo. Nilikuwa na mwandiko mzuri, baba, unajua nimeutoa wapi, na mhariri alikuwa akilisifu daftari langu mbele za watu. Lakini kwa miezi sita sikuwahi kutoa nyota tatu. Mwongozaji alinitania kwamba nina choyo ya nyota. Alinitania akicheka, kisha siku moja akanitania bila kucheka, akisema wale wawili tulioanza nao pamoja wameshapanda na mimi bado nimeshika waya.

Basi kilikuwapo kile kipindi cha mafundi, kila wiki fundi mmoja. Wiki ya tano fundi viatu aliyepangwa akalazwa hospitali. Kwenye kikao mwongozaji akauliza nani anamjua fundi mwenye sura na maneno. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Nikasema baba yangu ni fundi vibao, kwamba duka la dawa, kinyozi, tanuri la mikate na lango la shule, vyote kaviandika yeye kwa mkono, na kwamba herufi zake watu hutoka mbali kuja kuzitazama. Mwongozaji akauliza kama anaongea. Nikajibu anaongea mpaka mgeni asingizie ana safari. Wakacheka wote. Siku hiyo ndiyo ya kwanza waliyoniita kwa jina langu.

Mnakumbuka tulivyokuja. Baba ulivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, na suruali ya kazi yenye madoa, kwa sababu niliwaambia wanataka madoa. Nilikubana maiki kwa mikono yangu, ukaninong'oneza nisikuchome. Halafu nikakupa fomu. Hapo pia, baba, nisikilize. Kazini tulifundishwa kumpa mtu fomu na kalamu kwa pamoja, kalamu ikiwa imefunguliwa, na kuendelea kumpigia soga ili asipate nafasi ya kusoma. Nilikufanyia hivyo wewe. Ulielekea dirishani, ukaishika mbali na macho, ukaigeuza, ukatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, ukatia saini ambayo mpiga picha alisema ni nzuri kuliko ile ya kwenye noti. Fomu ile ilisema kwamba picha na sauti zote zitakazopatikana siku hiyo ni mali yetu na tutazitumia tupendavyo. Sikukusomea. Nilidhani umesoma, lakini hata kama ningejua, sidhani kama ningekusomea.

Yaliyofuata mnayajua kwa kuwa nchi nzima imeyajua. Jenereta la jirani lilianza kuunguruma, tukasimamisha kazi. Baba ukaingia chumba cha nyuma kwa mama na maiki yako kifuani. Mkazungumza mliyozungumza. Wiki tatu baadaye mkawasha televisheni, mmewakaribisha kaka na mkewe na majirani wa pande zote mbili, mama umekaanga karanga za wageni, na katikati ya kipindi, juu ya picha ya mkono wa baba ukiteremsha brashi polepole, ikasikika sauti yako mwenyewe ikimwambia mkeo kwamba hujui kusoma.

Kaka amenieleza yote, wala hakunipunguzia. Kwamba majirani waliaga mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na udhuru wake. Kwamba kesho yake vijana walisimama chini ya kibao cha duka la dawa, wakawa wanaelekezana vidole na kuambiana soma hapo, soma hapo, huku wakikohoa kama ulivyokuwa ukikohoa ukiombwa kusoma. Kwamba mwalimu mkuu, aliyekuwa akikuita profesa, amempa kazi ya lango jipya mtu wa kuchapisha plastiki. Kwamba umezitia brashi zako zote kwenye debe, ukafunika, ukaliketisha uvunguni, na tangu hapo unakaa chumba cha nyuma mlango umeurudisha. Na mama, kwamba hujaenda dukani mwenyewe kwa mwezi sasa. Nilimsikiliza kaka mpaka mwisho, nami nikawa nasema masikini, masikini, kama mtu baki.

Ndipo kaka akaniuliza ni nani aliyeacha maiki wazi. Nikamjibu kwamba maiki ni kazi ya fundi sauti.

Hilo halikuwa uwongo wote, na ndiyo sababu lilinitoka kirahisi. Kaka akaandika malalamiko kwa uongozi, akajaza kurasa mbili, na unajua kaka akikasirika anavyoandika. Uongozi ukaogopa kushitakiwa, wakataka kichwa cha mtu. Wakatuita sote chumba cha mikutano, tukakaa kuizunguka ile meza ya vioo. Bosi akamwuliza Masikio maiki ilikuwa ya nani. Masikio akajibu kwamba ilikuwa yake. Akaulizwa alikuwa wapi jenereta lilipowaka. Akajibu alikwenda kwenye gari kuchukua betri, dakika kama sita. Akaulizwa kifaa cha kurekodia alimwachia nani. Akasema kifaa hakiachiwi mtu, kifaa ni cha fundi. Hakunitazama. Mimi ndiye niliyekuwa natazama meza. Walimpa barua yake siku hiyo hiyo, baada ya miaka kumi na tisa.

Alipokuja kuchukua vitu vyake nilikutana naye getini. Mikononi alikuwa na boksi lenye hedifoni zake kuukuu na kikombe. Hakuniuliza kitu. Aliniomba tu nimwelekeze kwenu, akasema haiwezekani mtu aingie kwenye nyumba ya watu, anywe chai yao, awaachie aibu, halafu aendelee na maisha yake kana kwamba alipita njia. Nikamwelekeza. Nikamchorea na ramani, baba, nikaonyesha kona ya tanuri la mikate. Yeye anadhani lililotokea ni bahati mbaya ya mwanafunzi aliyesahau swichi, na kwamba mwanafunzi ni mzigo wa mwalimu.

Sasa nimefika. Mama, soma taratibu.

Sikusahau swichi. Masikio aliponyanyuka kwenda kwenye gari aliniambia zima, nikamwitikia, na kidole gumba changu kilikuwa tayari kipo juu ya kitufe. Hedifoni zilikuwa masikioni. Nikamsikia baba akimwuliza mama ni kweli yule kijana mwongozaji anataka mwishoni asimame mbele ya lango la shule asome kilichoandikwa kwa sauti. Mama ukamwambia asiwe na wasiwasi, utasimama nyuma ya kamera, naye akikwama akohoe kama siku zote, utayatamka maneno kama unayeuliza. Baba ukasema umechoka kukohoa. Ukasema wewe unazichora tu, kama mtu anavyochora ng'ombe, na hakuna anayelazimika kumjua ng'ombe jina lake ndipo amchore. Mama ukacheka, ukasema mbona miaka arobaini imepita na hakuna aliyejua, hata hawa watoto.

Hapo ndipo nilipotakiwa kubonyeza. Niwaambie kwa nini sikubonyeza, na sisemi ili mnionee huruma.

Baba, nilipokuwa darasa la tatu uliniandikisha ukurasa mmoja mara kumi na moja. Ulisema herufi zangu zimelewa. Wenzangu walikuwa nje wanacheza, nawasikia, na wewe kila nikileta unachana. Mara ya kumi na moja nilikuwa na hasira hata mkono haukutetemeka tena. Nikaujaza ukurasa mzima kwa mstari mmoja: simpendi baba, simpendi baba, mpaka chini, herufi zimesimama wima kama askari. Nikakuletea, nikafumba macho ningoje kofi. Ukautazama muda mrefu. Ukasema vizuri sana, hivi ndivyo, ukaubandika ukutani. Kesho yake haukuwapo, na leo ndiyo najua ni mama aliyeubandua. Lakini mimi, baba, nilikua nikiamini kwamba uliusoma. Niliamini kwamba ulisoma kila mstari, ukaona kilichokuwa moyoni mwa mtoto wako, ukakisamehe bila kukisema. Kila uliponichapa, kila ulipokuwa mkali kupita kiasi, nililitoa jambo lile nikalitazama, nikasema moyoni huyu ni mtu mkubwa kuliko anavyoonekana. Heshima yangu yote kwako niliijenga hapo.

Na sasa nimesimama uani kwako, nina hedifoni masikioni, naambiwa kwamba ulikuwa ukitazama ng'ombe. Hukunisamehe chochote, kwa sababu hukuwahi kujua. Nilikasirika, baba. Nilikasirika kama yule mtoto wa darasa la tatu. Nikaondoa kidole kwenye kitufe, nikachukua kalamu, nikaandika dakika ya arobaini na moja, sekunde ya kumi na mbili, fundi anakiri hajui kusoma, na pembezoni nikaweka nyota tatu. Ziliandikwa vizuri. Ungezisifu.

Ningeishia hapo ningesema ni hasira, na hasira hupita. Siku mbili baadaye mhariri alinipigia. Yeye ni mtu wa roho nzuri, na aliniuliza kwa upole kama nina hakika, maana alikuwa anajua kwamba huyu ni baba yangu mzazi. Alisema anaweza kuliacha nje ya kipindi na hakuna atakayejua. Hasira ilikuwa imeshapoa. Nilikuwa nimekunywa chai, nimekaa kitandani, sina neno na mtu. Nikafikiri kwamba kipindi hiki kikisifiwa nitaacha kukunja waya. Nikamjibu asiliache. Nikamwambia hata pa kuanzia, aanze kwenye yale maneno ya kuchora ng'ombe, kwa sababu hapo sauti ni safi, na akate kabla mama hajacheka, kwa kuwa kicheko kinapunguza uzito. Nilikuwa sahihi. Kila mtu amesema pale ndipo penyewe.

Kwa hiyo Masikio hakuwafanyia chochote. Aliyewafanyia ni mimi, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili nikiwa na akili zangu zote. Na alipofukuzwa, nafasi yake walinipa mimi. Ninaandika barua hii nikiwa msaidizi mkuu wa sauti. Sijawaambia hilo kwa sababu kaka angenipongeza.

Juzi niliingia kwa bosi nikamweleza yote, tangu kitufe mpaka simu ya mhariri. Nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa, hata droo yangu nilikuwa nimeshaisafisha. Bosi alinisikiliza akichezea kalamu. Nilipomaliza, alisema kwamba hilo silo kosa, hilo ni jicho la kazi, na kwamba kuna watu husoma vyuoni miaka minne wasilipate. Kuhusu Masikio akasema faili limefungwa, watu wa sheria wameridhika, na kulifungua ni kumsumbua kaka yangu bure. Halafu akafungua droo, akatoa karatasi. Wanataka kurudi kwenu. Wanataka sehemu ya pili, baba akifundishwa kusoma, na mimi ndiye nimfundishe mbele ya kamera, na mwisho asome kibao kimoja huku akilia. Kulia kumeandikwa kabisa kwenye karatasi, na dakika yake. Nilisema hapana. Alisema nifikirie. Sijaacha kazi, baba. Sitaki kuwaficha na hilo. Nimekaa hapa nikitafuta ujasiri wa kuacha kazi na sijauona, na kodi ya chumba na uoga wangu vinaongea kwa sauti moja. Huenda nikaacha, huenda nisiache. Ila hapo kwenu hawatakuja na mimi, na wakija na mwingine, mwambieni kaka asimame mlangoni na zile kurasa zake mbili.

Kwa hiyo kazini ukweli wangu umefika na kukuta hautakiwi. Mahali pekee ambapo bado unaweza kumsaidia mtu ni mlangoni kwako, Jumamosi.

Atafika kabla ya adhuhuri. Atakuwa amevaa koti hata kama ni joto, kwa sababu ndiyo nguo yake ya heshima. Hatakaa kwanza. Ataanza kuomba radhi akiwa amesimama, atasema maiki ilikuwa yake, na atalisema kwa namna ambayo utamwamini, kwa kuwa yeye mwenyewe analiamini. Usimwache amalize, baba. Mkalishe. Mpe kiti kile chenye mgongo. Mama, chai yake usiitie sukari. Kisha mwambie kwamba hakuna aliyesahau swichi, na kwamba unamjua aliyefanya.

Atauliza ni nani. Hataamini mpaka alisikie kutoka kwako, na mimi getini nilishindwa. Mwambie ni mwanangu. Najua neno hilo mwezi huu ni zito mdomoni, na kama litakataa kutoka, sema tu yule msichana aliyenibana maiki, ataelewa. Lakini ukiweza, baba, sema lile la kwanza, hata kama ni kwa aibu, hata kama ni mara ya mwisho kulitamka.

Msalimieni kaka, na mwambieni anipigie akishatulia, si kabla. Msalimieni shemeji na watoto. Majirani wa pande zote mbili nao wapeni salamu zangu, kama bado mnasalimiana. Mungu awape afya na usingizi, na mama, ahsante kwa kusoma.

Ni mimi binti yenu wa kati,

Mama Mkwe wa televisheni